Kuhamisha kyu pamoja na paleti zake kutoka faili moja la meza ya taa hadi jingine

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni fundi taa wa kikundi cha ngoma hapa Dodoma. Onyesho letu limepangwa kwenye meza ya kuongozea taa ya ETC Ion, kyu (yaani hatua za mwanga zilizorekodiwa) 1 hadi 40, na sasa tunalipeleka Singida, kwenye ukumbi wenye meza kama hiyo na faili lake. Nimejaribu kuzihamishia kyu zetu kwenye faili la huko kwa kutumia laptopu, lakini pale akina mama wanapoingia na ngoma ya muheme, mwanga uliokuwa wa kaharabu umegeuka bluu. Mwenzangu ananishauri niandike programu ndogo ya kutuma amri za OSC, yaani ujumbe unaopita kwenye mtandao kutoka kompyuta hadi meza, inakili kila kitu yenyewe. Je, hiyo ndiyo njia sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, kyu zako ni nzima; kilichoachwa nyuma ni paleti, yaani viwango vya rangi au mwelekeo vilivyohifadhiwa kwa namba ili kyu nyingi zivitumie. Kyu iliyorekodiwa kwa paleti haibebi viwango vya rangi vyenyewe, bali hubeba rejea, yaani agizo kwamba taa fulani zifuate paleti ya rangi yenye namba fulani. Ikiwa paleti ya rangi namba 5 kwenu ni kaharabu na kwa wenyeji wenu ni bluu, kyu iliyokwenda peke yake itafuata ile iliyoikuta huko. Ili ujiridhishe, ifungue kyu ya muheme katika faili lenu na utazame safu ya rangi kwenye jedwali la chaneli, yaani namba ambazo meza huzitambulia taa: ukiona jina au namba ya paleti mahali pa tarakimu za kiwango, hiyo ni rejea.

Wapo mafundi ambao, wakishapatwa na jambo hili, huzivunja rejea zote kwa amri ya Make Absolute ili kila kyu ibaki na tarakimu zake. Siwaungi mkono, hasa kwa onyesho linalosafiri. Taa za Singida hazijatundikwa kwa kimo wala umbali uleule wa ukumbi wenu, hivyo mielekeo ya taa zote zinazojizungusha itabidi ipangwe upya hata kama ni za aina moja na zenu. Rejea zikiwa hai, utasahihisha paleti chache tu za mwelekeo, kama ile ya katikati ya jukwaa na ile ya pembeni wanapokaa wapigaji wa zeze, na kila kyu inayozitumia itafuata yenyewe. Rejea zikivunjwa, utalazimika kuingia kyu baada ya kyu, taa baada ya taa, huku wachezaji wakikusubiri ufanye mazoezi nao.

Kuhusu OSC, mwenzako hakukosea kabisa. Ujumbe wa /eos/newcmd hubeba maandishi ya amri, na alama ya # mwishoni husimama badala ya Enter, kwa hiyo programu ndogo inaweza kuiamuru meza inakili vitu mia kwa mpigo, lakini ndani ya faili lililofunguliwa tu. Ukiiuliza meza habari za kyu kwa njia hiyo, itakupa jina, muda na sifa nyingine za namna hiyo, si viwango vya kila chaneli, na bila viwango huna cha kupeleka kwenye faili la pili.

Chombo unachokihitaji unaweza kuwa nacho tayari: Eos Nomad, programu ileile ya meza, inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila ufunguo wa malipo ilimradi hutoi mwanga halisi. Anza na nakala ya faili lenu. Hakikisha namba za chaneli zinaelekea kwenye taa zinazofanana na za Singida, kisha linganisha namba za paleti, priseti (zinazofanana na paleti ila hubeba sifa zote za taa kwa pamoja), makundi ya taa na efekti (miondoko ya mwanga inayojirudia) za pande zote mbili. Zinazogongana zihamishie kwenye namba zilizo wazi kwa kubonyeza Copy To mara mbili hadi isomeke Move To, halafu ukague kyu moja au mbili uone kama rejea zimefuata. Kyu zenyewe uzinakili kwenye orodha ya pili ya kyu, kwa amri ya Cue 1 Thru 40 Copy To Cue 2/1, ili zisizifute za wenyeji.

Baada ya hapo fungua faili la Singida, lihifadhi kwa jina jipya, na utumie Merge, yaani kuunganisha faili, iliyo kwenye menyu ya faili, ili uingize vitu kutoka ile nakala ya faili lenu. Chagua kyu za orodha ya pili pamoja na paleti, priseti, makundi na efekti zinazotumika. Pachi, yaani orodha inayounganisha chaneli na taa halisi, usiiguse, kwa kuwa anwani za DMX (mfumo ambao meza huziamuru taa) za ukumbi ule ni za taa zao, na ukiibadilisha utawaachia wenyeji ukumbi usiowaka sawasawa.

Ukilazimika kuziweka kyu zako katikati ya orodha yao, kumbuka kwamba meza hii huendeleza kila kiwango hadi kikutane na agizo jingine. Iwekee Block, alama inayozuia viwango vya kyu zilizotangulia visiendelee, kyu yao inayofuata kabla hujaingiza zako.

Muulize pia fundi wa Singida toleo la programu lililo kwenye meza yake, nawe uweke Nomad ya toleo hilohilo, kwani faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya linaweza kukusumbua kwenye meza ya toleo la zamani.