Kebo ya kengele ya wezi: king'ora ndicho kinachoamua

SWALI: Nina nyumba ya wageni ya ghorofa mbili hapa Lamu mjini. Fundi anataka kufunga kengele ya wezi kwa kebo ya intaneti iliyombakia kwenye kazi nyingine. Sensa ni 6, na king'ora atakiweka juu paani, upande wa bahari. Anasema umeme wenyewe ni volti 12 tu, waya wowote utafaa. Nimkubalie?

JIBU: Bi mwenye nyumba, fundi wako amesema nusu ya kweli. Kwa sensa, umeme utatosha, ingawa kebo yenyewe ina ila nitakayoitaja. Kwa king'ora, mkatalie.

Sensa ya mwendo hula umeme kidogo mno, miliampea 10 hadi 20 hivi. Ivutie waya mwembamba hata mita 40, haitadhurika. King'ora ni mlaji mwingine kabisa; kile cha nje kula nusu ampea si ajabu. Basi tufanye hesabu. Kebo ya kawaida ya kengele ina nyaya za milimita za mraba 0.22, na za kebo ya intaneti zinakaribia papo hapo. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 0.08 hivi kwa kila mita. Kutoka kwenye paneli (kisanduku kikuu cha kengele) chini hadi paani, ukifuata kuta na ngazi, tuseme mita 35. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 70, yaani omu 5.6. Zidisha kwa nusu ampea: volti 2.8 zimepotelea njiani.

Stima ikiwepo, paneli hutoa karibu volti 13.8 na huenda usitambue lolote. Stima ikikatika, betri ya paneli inaanzia 12 na kuendelea kushuka, na king'ora kinapata 9 na ushei. Kitalia kama mtu mwenye mafua, tena usiku ule ule ambao mtaa mzima uko gizani.

Mwambie avute kebo ya pili, ya nyaya mbili za milimita za mraba 1, iwe ya king'ora peke yake. Upotevu utashuka hadi volti 0.6 hivi. Ikikosekana dukani, katika ile kebo yake asokote nyaya mbili pamoja ziwe chanya na mbili ziwe hasi, zile 2.8 zitabaki 1.4. Si vizuri kama ya kwanza, lakini yaenda. (King'ora chenye betri yake ndani hakisumbuliwi sana na hesabu hii.)

Hayo yote nimeyasema nikidhani kebo yake ni shaba tupu. Nyingi za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na hiyo hupoteza zaidi, karibu mara moja na nusu. Chukua wembe, menya ganda la plastiki la waya mmoja, kisha ukwangue waya wenyewe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni aluminiamu, mrudishie. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, furahi: hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa mji wa chumvi kama wetu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hewa ya bahari huingia kwenye kila ncha ya waya iliyo wazi. Shaba hugeuka kijani, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe, na kengele huanza kulia ovyo bila mwizi.

Kebo ya intaneti ina ila nyingine: waya wake kwa kawaida ni mmoja mgumu, hausukwi kwa nyuzi. Ukikunjwa mara kadhaa kwenye kisanduku cha sensa, unakatika. Kebo ya kengele kila waya ni nyuzi 7 nyembamba, hustahimili. Kwa sensa achukue ya nyaya 6: mbili za umeme, mbili za ishara, mbili za kujulisha sensa ikifunguliwa. Sumaku ya mlangoni yatosheka na nyaya 4.

Kipande cha paani kiwe na ganda jeusi la kuhimili jua, ndani ya paipu. Lile jeupe la PVC hukauka na kupasuka. Asiunge waya huko nje hata mara moja. Ndani, kebo ikae mbali na ya stima ya volti 240, sentimita 30 zatosha, na pakilazimu kukatana zikatane msalaba.

Ukuta wako ukiwa wa mawe ya matumbawe, asiuchimbe. Mji wa kale umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na kabla ya kugusa kuta hizo waulize watu wa Makumbusho. Apitishe kebo pembeni mwa boriti, rangi ya kebo ifanane na mbao, na pale palipokwisha tobolewa pazibwe kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya mawe hayo, nami sijui kwa nini mafundi wanaing'ang'ania.

Kabla hujamlipa, mwambie azime stima kwenye swichi kuu, apige king'ora, na apime kwa mita pale pale kwenye skrubu za king'ora, si kwenye paneli. Linganisha na kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye karatasi iliyokuja nacho. Na abakishe nusu mita ya kebo imekunjwa ndani ya kisanduku cha juu, maana baada ya misimu kadhaa ya kusi ile ncha itabidi ikatwe na kufungwa upya.