Kundi O si "damu isiyo na sukari"
Watu husikia kwamba makundi ya damu hutofautiana kwa sukari na kwamba O haina, kisha huuliza kama ni sukari ya kawaida. Hapana, hiyo sukari haihusiani na chai wala kisukari. Kinachotenganisha A, B na O ni kimeng'enya kimoja (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachotokana na jeni ya ABO, kromosomu ya 9. Kazi yake ni kupachika molekuli moja ya sukari kwenye ncha ya mnyororo ulioshikamana na protini (na mafuta pia) juu ya chembe nyekundu. Cha A hupachika N-asetilgalaktosamini, cha B galaktosi, na vyenyewe vinapishana kwa asidi amino (vijenzi vya protini) 4 tu! Mwenye AB anavyo vyote viwili. Kwa O, mara nyingi jeni imepungukiwa herufi moja ya DNA, G, basi kimeng'enya kinatoka kifupi na hakipachiki kitu. Mnyororo unabaki ulivyo, wenye sukari zake nyingine.

Nipo maabara ya damu, hili tunaulizwa sana. Ila wapo wachache mno, wale wa aina ya Bombay, ambao hata ule mnyororo wa msingi haujakamilika. Kipimo cha kawaida huwasoma kama O, lakini ukiwaongezea damu ya O ya kawaida unawadhuru.