Saladi ya Kithai kwa harusi: usichanganye mpaka wageni wakae

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza aliniandikia: “Dada, kaka yangu anaoa mwezi ujao. Nataka wageni wale ile saladi ya Kithai uliyoipiga picha. Naweza kuipika usiku ili asubuhi nipumzike?” Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Laiti mwaka 2019 ningemuuliza mtu swali hilohilo, nisingelia siku ya harusi ya mdogo wangu.

Jibu ni hapana, mdogo wangu. Usiipike usiku, wala asubuhi. Ila hapana tupu haifundishi, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi Bangkok, Pratunam, kule wafanyabiashara wetu wa nguo wanakochukua mizigo. Nilikuja kununua, nikabaki kuwafungia wengine. Nimepanga kwa mama mmoja mtu mzima ninayemwita Pa, ndivyo Wathai wanavyomwita mama mkubwa, na yeye ndiye aliyenionjesha yam wun sen. Yam ni kuchanganya. Wun sen ni tambi nyembamba za wanga wa choroko, choroko hizihizi zetu, na zikiiva zinang'aa kama kioo. Humo wanatia nyama ya kusaga, kamba, vitunguu vidogo vyekundu, kotimiri na karanga za kukaanga, kisha wanamwagia ndimu, sosi ya samaki, sukari na pilipili kichaa. Uchachu, chumvi, utamu na ukali vinafika mdomoni kwa pamoja. Niliipenda tangu tonge la kwanza.

Basi 2019 nikarudi nyumbani kwa harusi ya binti wa mama mdogo, nikiwa na sanduku zima la tambi na chupa sita za sosi. Nikajitangaza mwenyewe: saladi ya walima niachieni mimi. Niliamka alfajiri. Ilipofika saa tatu nilikuwa nimeshachanganya masufuria mawili makubwa, kila kitu humo, nikafunika, nikaenda kupakwa hina. Chakula kilitoka saa nane mchana.

Nilipofunua, mchuzi haukuwepo. Tambi zilikuwa zimekunywa ndimu yote na sosi yote, zimevimba, zimeshikana. Ukiinua upawa linakuja bonge zima. Kamba walikuwa wamekakamaa kwa kulala kwenye ndimu. Kotimiri imenywea, imekuwa nyeusi. Na kulikuwa na kosa la pili ambalo sikuliwaza kabisa: kwetu pwani tambi ni za sukari, tui na iliki. Mtu wa Tanga ukimwekea tambi kwenye sinia, ulimi wake unangoja utamu. Wakaonja uchachu na harufu ya samaki. Shangazi yangu mmoja akasema, mbele ya wakwe, “Hizi tambi zimechacha, ziondoeni watoto wasije wakaumwa tumbo.” Zikaondolewa. Mimi nimesimama mlangoni na hina yangu mikononi. Miaka imepita, na sauti ile bado inanichoma. Simlaumu shangazi kwa kutoipenda saladi. Namlaumu kwa kutoniita pembeni.

Niliporudi Bangkok nikamweleza Pa yote. Hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu: “Ulichanganya saa ngapi?”

Alivyonifundisha upya sitakuchosha nako. Mwezi uliopita binti yake mwenyewe aliolewa, na Pa akanikabidhi saladi ya harusi: meza 8, kila meza watu 10.

Tulianza na nyama. Kwa desturi hutiwa nguruwe, na mimi simgusi, Pa anajua. Nikapendekeza ng'ombe. Akatikisa kichwa, kwa kuwa dada yake anamcha Kuan Im, mungu wa kike wa huruma, na wengi wanaomcha Kuan Im hawali ng'ombe. Tukakubaliana kuku. Hili lishike kabla hujatoa hata shilingi: jua watakaokula ni akina nani. Mimi Tanga nilijua vizuri wale ni akina nani, nikajisahaulisha kwa sababu nilitaka kuonekana nimetoka mbali.

Alfajiri nilikuwa soko la Khlong Toei. Nikachukua kamba kilo 3, kuku wa kusaga kilo 2 na nusu, ndimu 60, na paketi 40 za tambi za gramu 40, yaani tano kwa kila meza. Niliporudi, watawa walikuwa wanasoma dua zao sebuleni. Baadaye bwana harusi akaja na msafara wake na ngoma, ndugu wa bibi harusi wakamzuia njiani kwa mikufu ya dhahabu, na haachiwi kupita mpaka atoe bahasha. Nikakumbuka kifungua mlango cha kwetu, machozi yakanilengalenga juu ya kamba niliokuwa nawamenya.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Kila kitu nilikiandaa mapema, ila sikukikutanisha na mwenzake. Vitunguu peke yake, majani peke yake, karanga peke yake. Mchuzi niliugawa kwenye mifuko minane nikaifunga kwa raba, kama wauza vyakula wa mitaani wa hapa: mfuko mmoja, meza moja. Ndani yake vijiko vikubwa sita vya maji ya ndimu, sita vya sosi ya samaki, vitatu vya sukari, na pilipili iliyotwangwa. Nyumbani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, tumia vibakuli vyenye mifuniko. Sosi usiikimbie kwa harufu. Ni samaki wadogo kama dagaa waliolala kwenye chumvi mwaka mzima au zaidi, na chumvi ya mezani haifiki pale. Ukipata uduvi wakavu, wakaushe kidogo kwenye kikaango, nyunyiza juu.

Tambi lowanisha robo saa kwenye maji ya kawaida, zikate kwa mkasi, zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, chuja. Kuku anaiva kwa maji kidogo bila mafuta. Kamba dakika moja tu: akijikunja na kuwa mwekundu, mtoe.

Pa aliponiashiria kwamba watu wamekaa, ndipo nikachanganya, meza moja baada ya nyingine, kwa mikono yenye glavu, kuku akiwa bado na joto. Sinia la kwanza lilirudi tupu kabla sijamaliza la nne. Nikasikia wanaulizana, “Khrai tham?” Nani kapika? Pa akanionyesha kidole, akasema mimi ni binti yake wa pili.

Dada zangu, tunapenda kumaliza kazi mapema ili tukakae na wageni tumependeza. Ukikubali kupika kwenye harusi ya watu, kubali na kukosa picha. Vaa kanga, kaa jikoni mpaka sinia la mwisho litoke. Usichanganye mapema. Nasema tena, usichanganye mapema.

Na wewe wa Mwanza, umesema wageni 150: hizo ni awamu 15, huziwezi peke yako, tafuta wawili wa kukushikia. Halafu usiite tambi. Sema saladi ya choroko na kamba, watu wasije wakangoja sukari.

Desemba naenda Tanga, kuna harusi nyingine ya ukoo, na saladi nimeiomba tena. Nimeshawaandikia ninachohitaji: jiko la gesi nyuma ya ukumbi, ndoo mbili za maji safi, wasichana wawili wa kukata vitunguu. Shangazi atakuwepo. Sinia lake nitalichanganya akishanawa mikono.