"Biblia Inasema": Angalia Kwanza Mstari Umekatwa Wapi

Chukua Biblia yako, fungua Luka 21. Ifunike kwa kidole ile namba kubwa ya sura, kisha urudi nyuma kidogo, uanzie 20:45. Yesu anawaonya wanafunzi juu ya waandishi wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Hapo hapo anainua macho, anamwona mjane anatia senti mbili, riziki yake yote. Endelea mpaka mstari wa 6: hekalu lenyewe ambalo senti hizo zimetolewa halitabakiwa na jiwe juu ya jiwe.

Sasa ondoa kidole. Namba ya sura imekaa katikati kabisa, kati ya nyumba za wajane zinazoliwa na mjane anayetoa. Luka hakuiweka yeye. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilichapwa na Robert Estienne mwaka 1551. Mhubiri wa harambee huanzia 21:1 kwa sababu ndipo sura inapoanzia, na onyo linabaki ukurasa wa nyuma.

Kwenye jumuiya na kwenye vikao vya ukoo, anayekosea mara nyingi ndiye aliyekariri kuliko wote. Ila amekariri vipande. Na kipande kikishakatwa, huwa kina mwenyewe: jiulize nani amekishika kisu, na anayekatiwa ni nani.

Vifaa havina gharama kubwa. Tafuta Biblia mbili, ile ya Union Version ya 1952 ambayo wazee wetu wameimeza, na Habari Njema yenye Kiswahili cha kila siku. Kama unasoma Kigogo, ongeza ya Kigogo. Chama cha Biblia cha Tanzania makao yake yapo hapa hapa Dodoma, kwa hiyo mtu wa mjini hana kisingizio. Ongeza itifaki, yaani kitabu cha kutafutia neno limo mistari ipi, kama unaipata, na daftari. Tenga kama dakika arobaini kwa mstari mmoja. Soma sura nzima kwa sauti, pamoja na nusu ya sura iliyotangulia, halafu andika mistari minne tu: nani anasema, anamwambia nani, kulikuwa na shauri gani, na kinachoagizwa hasa ni nini. Ukishindwa kujaza mmoja kati ya hiyo minne, usisimame nao kikaoni. Simu inafaa kutafutia neno, lakini kwa kusomea ni mbaya, kwa sababu inakuletea mstari peke yake umepakwa rangi kama tangazo. Na vile vichwa vya habari vilivyokolezwa wino ndani ya sura navyo viliwekwa na wachapishaji.

Kuna kazi ndogo ya kufanya kabla ya yote: hakikisha mstari upo. "Jisaidie nami nikusaidie" haumo. "Sauti ya watu ni sauti ya Mungu", unaopendwa sana majira ya uchaguzi, haumo pia. Alcuin, msomi wa Kikristo wa karne ya 8, aliutaja kwa kuwaonya wakubwa wasiwasikilize wanaousema. "Fedha ni shina la mabaya" umo nusu: 1 Timotheo 6:10 inasema *kupenda* fedha.

Tuje kwenye zaka, maana hapa ndipo kisu kinapokuwa kikali, hasa mavuno yakishaingia ghalani.

Malaki 3:10 kila mtu anaujua: leteni zaka kamili ghalani. Panda mistari mitano juu. Katika 3:5 Mungu anataja atakaowashitaki, na kwenye orodha hiyo, pamoja na wachawi na wazinzi, wamo wanaomdhulumu kibarua mshahara wake na wanaomwonea mjane na yatima. Mwajiri anayemkatia kibarua wa shamba la zabibu nusu ya ujira, kisha akatoa fungu la kumi mbele ya kanisa, yumo ndani ya Malaki 3, lakini si pale anapodhani.

Halafu uliza ghala hilo ni la nini. Jibu liko Nehemia 13:10-13. Walawi hawakupewa sehemu zao, wakakimbilia kila mtu shambani kwake. Zaka ya nafaka, divai na mafuta ilipoletwa, Nehemia aliweka watu wanne juu ya ghala, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Watu wanne, majina yao yameandikwa. Kwa hiyo Mkristo anayeomba kuona mapato na matumizi ya kanisa hajaasi. Anaomba kile ambacho ghala la Malaki lilikuwa nacho.

Kwa hesabu, sheria ilikwenda hivi. Mkulima mwenye magunia 100 ya mtama alitoa 10 kwa Walawi, nao Walawi wakatoa fungu la kumi la hayo 10, yaani gunia moja, kwa kuhani (Hesabu 18:26-28). Mifugo ilihesabiwa ikipita chini ya fimbo, na kila wa kumi alikuwa wa Bwana, mzuri au mbaya, bila kubadilisha (Walawi 27:32-33). Mfugaji wa huku hahitaji kuelezwa: simama mlangoni pa zizi asubuhi ng'ombe wakitoka mmoja mmoja, hesabu. Mwenye ng'ombe tisa hana wa kumi. Na Kumbukumbu la Torati 14:22-29 inaongeza jambo ambalo halihubiriwi sana: zaka nyingine ililiwa na mtoaji mwenyewe na nyumba yake mbele za Bwana. Safari ikiwa ndefu aliuza mazao, akaenda na fedha, akanunua alichotamani, ng'ombe, kondoo, hata mvinyo. (Wakulima wetu wa zabibu watabasamu.) Kila mwaka wa tatu ikabaki mjini mwake kwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane yuko upande wa kupokea.

Lakini kisu hukata pande mbili. Wapo wanaosema Malaki anawasuta makuhani peke yao, kwa hiyo waumini hawahusiki. Kweli, 1:6 na 2:1 zinawataja makuhani. Ila 3:9 inasema "taifa hili lote". Anayekwepa kutoa kwa hoja hiyo naye amekata kipande chake. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakuna popote katika sheria hiyo mtu anapoambiwa akope ili atoe, au auze mbegu za kupandia msimu ujao akiahidiwa kurudishiwa mara mia.

Kuhusu fimbo, wengi wa wanaotetea watoto huanza vibaya. Husema fimbo ya Mithali 13:24 ni ya mchungaji, ya kuongozea tu. Mzee mmoja akifungua Mithali 23:13, "ukimpiga kwa fimbo hatakufa", hoja imekwisha. Mithali inamaanisha kupiga, tusijidanganye. Njia bora ni kuuliza kitabu hiki ni cha aina gani. Fungua Mithali 26:4, usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Sasa 26:5: mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mwandishi hakujisahau. Ndivyo methali zinavyofanya kazi, na Mswahili analijua hilo tangu utotoni, anayeambiwa asubuhi haraka haraka haina baraka na jioni ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali humpa mtu busara ya kupima, haimpi kifungu cha kutekeleza. Anayesisitiza 23:13 ishikwe kama amri aulizwe kwa upole kama anatekeleza pia Kumbukumbu 21:18-21, ambako mwana mkaidi anapelekwa kwa wazee, kisha anapigwa mawe na wanaume wote wa mji. Kisha msomeeni Waefeso 6:4, amri iliyoelekezwa kwa akina baba, wasiwachokoze watoto wao. Na mwalimu anayenukuu Mithali akumbushwe kanuni za adhabu ya viboko shuleni: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni.

Waefeso 5:22, unaowaambia wake wawatii waume zao, nitaupitia upesi. Sentensi inaanza 5:21, "mkinyenyekeana", wote kwa wote. Katika nakala za kale kabisa za Kigiriki mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake, unaazima cha 21. Kichwa cha habari katikati yake ndicho kinachomfanya mume aanzie pale anapopapenda. Na anayetaka kuutumia kuhalalisha kipigo ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko.

Ukeketaji hauna mstari wowote. Agano la Mwanzo 17:10-12 ni la watoto wa kiume, siku ya nane. Anayesema "hata Ibrahimu" aonyeshwe sura hiyo, basi.

Kutoka 22:18, kuhusu mwanamke mchawi, unahitaji tahadhari zaidi kwa sababu unaweza kuua. Bibi anayeishi peke yake, macho mekundu: huyo ndiye anayenyoshewa kidole. Macho hayo yana maelezo yake, moshi wa kuni wa miaka yote, na vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao watafiti wameuchunguza Kongwa tangu miaka ya 1980. Fanya mambo mawili. Soma mistari minne mbele, 22:22-24, ambako Mungu anaapa kuwaua kwa upanga wanaomtesa mjane, hata wake zao wawe wajane. Kisha omba mashahidi wawili au watatu, Kumbukumbu 19:15, walioona kwa macho. Ndoto si shahidi, na mganga si shahidi. Mistari 16 hadi 19 ya sura hiyo inaagiza shahidi wa uongo atendewe alichotaka kumtendea mwenzake. Wakiusikia huo, wasemaji hupungua.

Sasa ardhi. "Mwanamke harithi, hata kwenye Biblia mali ni ya wana wa kiume." Hesabu 27:1-11 ndiyo jibu, lakini isomwe yote. Selofehadi amekufa bila mtoto wa kiume. Binti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wanasimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wanauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Angalia Musa anafanya nini: hana jibu, na hajifanyi analo. Analipeleka shauri kwa Bwana, na jibu linaanza kwa kusema wasichana hao wamenena haki. Sheria mpya inaandikwa kwa sababu watu waliokuwa nje yake waliuliza swali hadharani. Kwa anayeogopa kwamba kuhoji ni kukosa imani, hakuna sura bora kuliko hiyo.

Usiishie hapo lakini. Mstari wa 8 unampa binti urithi iwapo hakuna mwana wa kiume, kwa hiyo usidai kwamba Hesabu 27 inagawa sawa kwa sawa. Mzee anayeijua atakuumbua. Atakuja pia na sura ya 36, ambako wazee wa ukoo wanalalamika ardhi itahamia kabila jingine binti wakiolewa nje. Isome naye. Hofu yao inasikilizwa, binti wanaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, lakini hakuna anayenyang'anywa ardhi. Ukitaka mabinti wanaorithi pamoja na ndugu zao wa kiume walio hai, nenda Ayubu 42:15.

Nje ya Biblia pia kuna pa kushika. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimbana mwanamke kwenye ardhi ya ukoo, lakini Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990 ilikubali kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi.

Namna ya kuyasema haya ina uzito wake. Usimsahihishe mzee mbele ya watu. Nenda kwake jioni, "Shikamoo baba, naomba unisomee Hesabu 27", na umwachie yeye asome kwa sauti yake. Akiisoma mwenyewe, siku ya kikao ataitaja yeye, na atakuwa na nguvu kuliko wewe. Mchungaji naye mwendee faragha kwanza, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, ukiwa na daftari lako.

Na usingoje msiba. Siku ya kumaliza matanga, ndugu wameshapanga kurudi Manyoni na Kondoa, hakuna atakayesubiri sura mbili zisomwe. Sura hizo zisomwe baba akiwa mzima, na wosia uandikwe wiki hiyo hiyo. Kwa kanuni za kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na wote wawepo kwa pamoja anaposema mgawo wake.