Ndege wa baridi huja na mvua

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma. Niliona picha za watu wa Ulaya wamejifunika makoti mazito, wamejibanza kwenye hifadhi kando ya ziwa, wanaangalia bata na ndege wengine wa majira ya baridi. Nikaazima darubini kwa binamu yangu. Mwezi wa 7, asubuhi zilipokuwa za baridi, nilikaa ufukweni Ujiji siku tatu nikaambulia kunguru, mwewe na mnandi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mahali hukukosea, umekosea baridi. Wewe ulipokuwa unajikunyata Ujiji, Ulaya ilikuwa kiangazi na ndege unaowatafuta walikuwa wanalisha makinda huko. Baridi wanayoikimbia ni ya kwao. Huku huanza kuingia mwezi wa 9 na wa 10, wakala mvua zetu zote, na mwezi wa 4 wengi wameshaondoka. Wale bata wa kwenye picha wametoka kaskazini zaidi, na maziwa ya Ulaya yasiyoganda yanawatosha. Mbayuwayu hayamtoshi: chakula chake ni wadudu wanaoruka, na kwenye theluji atawapata wapi?

Mimi ndege sikuwasomea, nilijuana nao kwa ugomvi. Miaka kumi na minane nilianika dagaa mchangani Katonga, na mlinda dagaa sharti ajue nani mwizi na nani mpita njia. Mwewe mwizi. Kunguru mwizi mwenye akili. Lakini kila mvua zikianza alikuja mmoja, peke yake, kijivu cha udongo mgongoni na tumbo jeupe, anatembea ukingoni mwa maji huku kiuno kinacheza juu chini bila kupumzika, kama mtu aliyesikia ngoma ya mbali. Dagaa wangu hakuwagusa. Alidonoa vijidudu tu. Ukimsogelea anaruka chini chini juu ya maji, mabawa yamekakamaa, kisha anatua mbele kidogo na kuanza tena kucheza. Vitabuni anaitwa kitwitwi. Anza na huyo, maana hata bila darubini utamjua kwa kiuno.

Kisha mbayuwayu. Tunaye mwenyeji, koo jeupe na kofia nyekundu kichwani. Mgeni ana koo la rangi ya tofali. Mkia mrefu wa panda usiutegemee sana, kwa sababu manyoya huyabadilishia huku. Uzito wake ni kama gramu 20, vijiko vinne vya chai vya sukari, na akitokea Finland amesafiri zaidi ya kilomita 7,000.

Kuna na membe wadogo wanaorukaruka juu ya ziwa na mashamba ya mpunga. Wakifika ni weupe na kijivu, hawana la ajabu. Karibu na kuondoka wanageuka: mwili mweusi tii, mabawa meupe. Mwaka wa kwanza niliapa kwa mume wangu kwamba ni aina mbili, akanicheka hadi mwezi wa 4 ulipoisha.

Nenda sehemu za mdomo wa mto Luiche, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Jua letu linatokea nyuma ya vilima, likiwa mgongoni mwako linawamulika ndege mbele. Jioni linaelekea Kongo, linakupiga machoni na kila ndege anakuwa kivuli. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Inayokuza zaidi hutetemeka mkononi, na kwenye mtumbwi ndiyo usiseme. Tafadhali, usiielekeze bandarini wala kwenye eneo la jeshi. Ukiwa na darubini shingoni na huna samaki wala nyavu, watu watakuuliza, kwa hiyo mpitie kwanza mwenyekiti wa mtaa umsalimie.

Na ukisikia habari za korongo mwenye mdomo kama kiatu, wa ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ile iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, usimchanganye na hawa. Huyo ni mwenyeji, Ulaya haijui. Safari ya kwenda kumwona ni ndefu na ya gharama. Tutaiongea siku nyingine.

Kwa sasa mrudishie binamu darubini yake, umwombe tena mwezi wa 10. Na ubebe mwavuli.