Mawimbi mawili kwenye waya mmoja: hezi ngapi?

Fundi wa Kigoma, mji ulioishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) anaitambua kwa sikio. Kinachowapiga chenga wengi ni pale mawimbi mawili ya umeme yenye masafa (hezi) tofauti yanapojumlishwa. Usijumlishe masafa, wala usitafute wastani. Rudi kwenye hesabu za shule ya msingi: masafa ya wimbi la jumla ni KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya masafa yote, na kipindi chake, yaani muda wa mzunguko mmoja, ni KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya vipindi.

Hezi 50 na 150 hutoa 50. Hezi 60 na 90 hutoa 30. Hezi 50 na 60 hutoa 10, kwa sababu kila sekunde 0.1 wimbi la kwanza limemaliza mizunguko 5, la pili 6, na yote mawili yanaanza upya pamoja. Ila ndani yake hakuna wimbi la hezi 10, hata ukichuja vipi hulipati; hiyo 10 ni kasi ya umbo kujirudia. Masafa yakiwa sawa na fezi zimepishana, yaani mawimbi hayaanzi pamoja, hezi hazibadiliki, ukubwa ndio hubadilika.

Penye desimali, zidisha kwanza. Gridi iko 50, jenereta ya Kibirizi, Kigoma, inakokota 49.5: zidisha kwa 10 upate 500 na 495, KKS ni 5, gawa kwa 10, ni 0.5. Umbo linajirudia kila sekunde 2. Hilo utaliona kwa macho ukifunga taa kati ya waya wa fezi wa jenereta na waya wa fezi ileile wa gridi: inawaka na kuzima mara moja kila sekunde 2. Tumia balbu mbili za volti 230, zenye wati sawa, kwa mfululizo, maana tofauti ya volti kati ya waya hizo hupanda hadi 460 na balbu moja itapasuka. Jenereta ya ncha nne inatakiwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika; kwa 49.5 iko 1,485. Swichi ya kuunganisha jenereta na gridi haiungwi mpaka taa ibadilike polepole sana na iwe imezima kabisa.

Sasa mita. Mita ya kawaida yenye kipimo cha hezi haijui KKS, inahesabu tu wimbi linavyovuka sifuri. Inveta ya bei rahisi au mzigo mchafu (kifaa kinachoharibu umbo la wimbi) ukileta harmoniki ya tatu (wimbi la ziada lenye masafa mara tatu, hezi 150) iliyogeuzwa juu chini, na ukubwa wake ukizidi theluthi ya wimbi kuu la hezi 50, wimbi linavuka sifuri mara 6 kwa mzunguko badala ya 2. Mita inaandika 150, na fundi anaanza kufungua gavana (kidhibiti mwendo cha injini) isiyo na kosa lolote!

Dawa yake ni ndogo. Shusha volti kwa transfoma ya 230/12, usijaribu moja kwa moja. Weka rezista ya kiloomu 10 kwenye waya mmoja wa volti 12, kisha kapasita ya maikrofaradi 0.22 isiyo na polariti sambamba na mita. Kichujio hiki huanza kukata karibu na hezi 72: kinapunguza 150 zaidi ya nusu, na 50 kidogo tu. Harmoniki iliyokuwa nusu ya wimbi kuu hubaki kama robo, chini ya theluthi, na mita inarudi kusoma 50. Ikigoma bado, ongeza rezista na kapasita nyingine kama hizo kati ya kichujio cha kwanza na mita.