Maji ya kijani ya mabwawa ya majitaka: sumu au mbolea?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nalima mpunga na mchicha Mabogini, Moshi, kwa maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka. Ni ya kijani, mazito kama mlenda. Jirani anasema ni sumu, lakini mpunga wangu unastawi hata nikipunguza yuria. Nani mkweli?
Mkulima, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo kijani ni mwani, viumbe vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja bila hadubini, na ndio unaofanya kazi humo bwawani. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni. Bakteria huitumia kuozesha kinyesi, nao hutoa hewa ukaa ambayo mwani huila. Yote hayo bila kuchoma hata yuniti moja ya umeme! Ikifika alasiri, pH ya maji (kipimo cha asidi na alkali) hupanda hata kupita 9, yaani maji huwa ya alkali, na pamoja na ukali wa jua, vijidudu vingi vya tumbo hufa.

Nitrojeni ya yuria unayoipunguza imo humo humo. Mwani mkavu una nitrojeni kati ya asilimia 5 na 10, na fosforasi karibu asilimia 1. Ukifia jarubani huoza na kuiachia polepole. Ukiongeza yuria kamili juu yake, mpunga utajaa majani kisha ulale.

Jirani naye usimpuuze. Mayai ya minyoo hayauawi na mwani; huzama tu maji yakitulia siku nyingi, kwa hiyo chukua maji ya bwawa la mwisho, kamwe si ya la kwanza. Vaa mabuti. Mchicha umwagilie chini, si juu ya majani, na uuivishe vizuri. Vya kachumbari usivipande hapo kabisa.

Linaloniuma ni kwingine, ambako maji haya huachwa yaende mtoni. Nitrojeni na fosforasi za namna hii ndizo zinazolisha mwani unaochafua ghuba za Ziwa Victoria. Kuuvuna mwani wenyewe si rahisi: mhandisi William Oswald wa California, Marekani, alianza miaka ya 1950 kuukuza kwenye mabwawa ya kina kifupi, ukakua sana, lakini kuutenganisha na maji bado ni gharama hadi leo. Mpunga wako unaivuna mbolea hiyo bila mtambo.

Msimu ujao tenga majaruba mawili yanayolingana. Moja lipe yuria kama kawaida, la pili nusu, kisha uniandikie kila moja limetoa magunia mangapi.